Mkazo si kanieneo

Wapo wanaoandika kwamba mto wa barafu huteremka kwa kanieneo. Neno hilo silikubali. Kanieneo hubana pande zote sawasawa. Kinachoikunja barafu ni mkazo, tabaka la juu likivutana na la chini. Kitenzi chake ni kukaza, na kamba hukazwa kuelekea upande fulani. Mtasema vyote viwili hupimwa kwa paskali. Ni kweli, lakini urefu na kina navyo hupimwa kwa mita. Mtafiti wa barafu John Glen alionyesha mwaka 1955 kwamba mkazo ukiongezeka maradufu, barafu hubadilika umbo kwa kasi ya takriban mara nane. Tena mkazo hausomwi moja kwa moja kirahisi: watafiti hutoboa shimo refu, hupima linavyoinama kadiri muda unavyopita, ndipo wakaukokotoa.