Pombe ya Mtama na Chupa ya Kabatini

Sisi tuliokulia Shinyanga tunaikumbuka pombe ya mtama. Nafaka hulowekwa mpaka ichipue, huanikwa, husagwa. Unga huo wa kimea hutiwa katika uji uliopoa, nao huchemka wenyewe usiku kucha. Siku ya tatu umekwisha chachuka mno. Ndiyo sababu bibi yangu aliweka akiba ya mtama ghalani, si ya pombe. Ilipoiva, majirani walikuja na majembe. Aliyelima alikunywa, na huo ndio ulikuwa ujira.

Mgodi wa zamani wa Geita, uliochimbwa toka 1936 hadi 1966, ulilipa fedha taslimu, na fedha hununua bia ya chupa, inayoweza kungoja. Siku hizi zipo bia kali, zenye kileo asilimia 8 na zaidi, ambazo wajuzi huziweka gizani miaka kadhaa ladha itulie.

Nami, kwa kiburi cha digrii, niliwahi kuziba pombe ya bibi chupani nikaificha kabatini. Usiku wa pili ikapasuka. Mashati yangu ya ofisini yakanuka wiki nzima. Bibi alicheka, kisha akaniuliza nilikuwa namficha nani.