Majira ya Kuizuru Ngazija

Neno msimu, ambalo leo hulitamka mkulima akinena habari za mpunga na mwenye duka akinena habari za bei, lilifika pwani yetu likiwa neno la mabaharia. Asili yake ni mausimu ya Waarabu, yaani wakati maalumu ambao upepo umewaruhusu watu kusafiri, na wakati huo ukipita chombo hutia nanga kikangoja mpaka upepo ugeuke. Kwa hiyo mtu wa Unguja, au wa Mombasa, au wa Kilwa, aliyekusudia zamani kwenda Komoro hakuuliza, kama msafiri wa leo aulizavyo, ni mwezi gani ulio bora kuvizuru visiwa vile; aliuliza kama kaskazi imeshika au haijashika, na jibu la swali hilo ndilo lililomjulisha kama atakwenda au atakaa.

Nimependa kuieleza habari hii kwa wasaa, kwa sababu wageni siku hizi huambiwa kwa neno moja tu kwamba Komoro huendewa tangu Mei hata Oktoba, na neno hilo, ingawa ni la kweli, limetengwa na mizizi yake yote.

Visiwa hivyo ni vinne, Ngazija, Nzuwani, Mwali na Maore, navyo vimekaa katika mlango wa kaskazini wa bahari ipitayo baina ya Msumbiji na Bukini. Vyote vilizaliwa na moto uliotoka chini ya bahari, na katika Ngazija moto huo ungali hai, maana mlima Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, umepata kutapika mara nyingi katika kumbukumbu za watu. Ntingi ya Nzuwani inafika mita 1,595. Mtu atokaye Unguja, ambako mahali palipoinuka kuliko pote hapafiki hata mita 150, hana budi kustaajabu aonapo nchi iliyosimama wima namna ile katikati ya maji. Na akisha kustaajabu yampasa ajifunze upya elimu yake ya majira, kwa kuwa mlima hauupokei upepo kama uwanda uupokeavyo.

Kwetu kaskazi ni upepo wa jua. Huanza kushika mwezi wa Desemba, vuli ikiisha, ukavuma Januari na Februari chini ya mbingu iliyo safi, nao ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi katika bandari zetu. Mvua ya masika huingoja mpaka ife ndipo inyeshe. Upepo uo huo, kwa jina lilo hilo, kwa kuwa Wangazija nao huuita kashkazi, hupita ikweta ukapinda njiani, ukafika Komoro ukitokea upande wa kaskazini-magharibi, umekwisha kunywa maji ya bahari yenye joto safari nzima. Hapo hukutana na Karthala. Hauna pa kupita ila juu, na unapopanda hupoa, na unapopoa hauwezi tena kuyachukua maji uliyoyabeba, basi huyatua pale pale. Hivyo miezi ambayo Mzanzibari huanika nguo bila ya hofu, Mngazija huwa katika mvua kubwa tangu Novemba hata Aprili. Na kusi, ambayo kwetu hutanguliwa na masika na matope yake, huko ndiyo iletayo ubaridi, ukavu na anga iliyo wazi.

Sasa mtu na afikiri hali ya msafiri wa jahazi. Kutoka Unguja hata Ngazija ni zaidi ya kilomita 700, na njia yake ni kushuka kusini-mashariki, safari ambayo chombo cha tanga huifanya kwa raha wakati wa kaskazi na kwa mashaka makubwa wakati wa kusi. Kwa hiyo upepo uliompeleka mgeni ndio uliomfichia mlima. Alifika katika mvua, akafanya biashara yake katika mvua, akawatembelea jamaa zake wa Moroni au wa Itsandra huku kilele kimejifunika. Na siku mbingu zilipokunjuka, Karthala ikaonekana tangu mizizi hata utosi, siku hiyo ilikuwa ni dalili ya kwamba kusi imefika na kwamba nahodha ameanza kupakia kwa safari ya kurudi. Palikuwapo, kati ya pepo hizo mbili, siku chache za tanga mbili, ambapo chombo huweza kwenda huku na huku. Walakini siku hizo hazina ahadi, na nahodha mwenye hadhari hakuweka maisha ya watu juu yake.

Hesabu ya mambo haya haikufanywa kwa miezi ya Kiislamu, wala haikuwezekana. Mwaka wa mwandamo una siku 354, kila mwaka hurudi nyuma siku kumi na moja hivi, na Ramadhani huyazunguka majira yote katika muda wa miaka 33 hivi. Baharia aliyefunga safari kwa kutazama mwezi wa Rajabu peke yake angejikuta mwaka mmoja katika kaskazi na miaka michache baadaye katikati ya vuli. Ndiyo sababu pwani nzima, na Komoro pamoja nayo, ilishika mwaka wa jua wa Waajemi, ambao siku yake ya kwanza ni Nairuzi. Mwaka huo una siku 365, nazo hugawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, pamoja na siku tano za kukamilisha. Na mwenye kuujua mwongo alijua siku ya kupanda, ya kuvua, na ya kutweka tanga. Ahmad bin Majid, rubani mkuu wa Kiarabu wa karne ya 15, ambaye aliitungia utenzi njia ya kwendea Sofala, naye aliihesabu misimu yake kwa siku za Nairuzi. Kasoro yake ni kwamba mwaka huo hauna siku ya kuongeza kila mwaka wa nne, kwa hiyo Nairuzi husogea nyuma polepole, hata Makunduchi katika Unguja sasa husherehekewa mwezi wa Julai. Lakini kusogea huko ni kwa siku moja katika miaka minne, na mzee mwenye akili aliweza kulisahihisha jambo hilo katika umri wake bila ya kitabu. Nasikitika sana kwamba elimu hii, iliyokuwa ya kila mvuvi, siku hizi imekuwa elimu ya watu wachache wenye kutafutwa.

Wazungu walipoingia katika bahari hii hawakuwa na miongo, lakini upepo uliwashika kwa sheria ile ile. Mwaka 1591 Mwingereza James Lancaster aliegesha Ngazija akitafuta maji, katika kisiwa ambacho hakina mto, na watu wake wengi wakauawa ufukweni. Meli nyingi zilizofuata zilizoea kuegesha Mwali na Nzuwani, ambako vijito vilishuka milimani hata pwani, na ambako masultani na wafanyabiashara walijua kuwauzia wageni ng'ombe, mbuzi, machungwa na nazi. Ziliondoka Uingereza mwanzo wa mwaka, zikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema mnamo Juni, zikaja Komoro Julai au Agosti, kisha zikachukuliwa na kusi mpaka Surat, bandari ya Bara Hindi. Sir Thomas Roe, balozi wa mfalme wa Uingereza kwa Jahangir, mfalme wa Bara Hindi, aliegesha Mwali Julai 1615. William Jones, mwanachuoni wa lugha za mashariki, alishuka Nzuwani Julai 1783 naye akaandika risala ndefu juu ya kisiwa hicho na watu wake. Wote wawili walifika katika majira yaliyo mema kabisa, bila ya kuyachagua.

William Kidd, nahodha ajulikanaye kwa uharamia, alifika katika majira mengine. Alikuja Nzuwani mwezi wa Machi 1697, kisha akaenda Mwali kuilaza ubavu meli yake aikwangue na kuitia lami, na huko, katika muda wa juma moja, watu wapatao 50 katika mabaharia wake walikufa kwa maradhi. Machi ni mwisho wa mvua, mashimo yote yamejaa maji na mbu wamezaana. Sisemi kuwa majira peke yake ndiyo yaliyowaua, maana walikuwa watu waliokwisha kuchoshwa na bahari, lakini nikizilinganisha safari hizi sioni kuwa ni jambo la kupita bila ya kutajwa.

Kaskazi ina ubaya wake mwingine. Tufani kubwa za bahari hii huzaliwa katika miezi yake: Kenneth ilipita karibu na Ngazija mwezi wa Aprili 2019, na Chido iliivunja Maore tarehe 14 Desemba 2024, ikaacha milima iliyokuwa kijani ikiwa vijiti vitupu. Hata hivyo nisingependa msomaji aichukie. Mlangilangi, ambao tangu mwisho wa karne ya 19 umeitajirisha kampuni ya Mfaransa Léon Humblot na wengine baada yake, kuliko ulivyowatajirisha wanawake wachumao maua yake alfajiri kabla ya jua kuyachoma, hutoa maua mengi zaidi mvua iliponyesha. Na katika Ngazija sehemu kubwa ya maji ya kunywa iliteremshwa na kaskazi.

Jambo hili ndilo ambalo mgeni wa majira ya kiangazi hulisahau. Ardhi ya Ngazija ni mawe ya moto yenye vinyweleo. Mvua inyeshayo juu ya mlima, na mitelemko ya magharibi hupata mvua nyingi mno kupita pwani ya mashariki, huzama papo hapo isifanye kijito wala bwawa. Kwa hiyo watu wa kisiwa hicho tangu kale wamejenga mabirika, wakayapokea maji ya mapaa na ya sakafu za chokaa, wakayaweka kwa ajili ya miezi ya kusi, na vijiji vingi vingali vikiishi hivyo. Kusi inapotimia na anga kuwa safi, na mgeni akisifu uzuri wa nchi, ndani ya birika maji yanapungua kidato baada ya kidato. Novemba 2005, mwisho wa ukavu, Karthala ilipasuka na majivu yake yakaanguka juu ya mapaa na mabirika, yakayaharibu maji kidogo yaliyosalia, na maelfu ya watu wakawa hawana cha kunywa mpaka walipoletewa. Nzuwani nako mambo yamegeuka: vijito vingi vya wakati wa Roe na Jones vilivyotiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi, kwa sababu misitu ya milimani iliyovilisha imekatwa.

Ndege imeiondoa amri ya upepo juu ya mwili wa msafiri, na amri nyingine imekuja mahali pake. Wangazija waliohamia Ufaransa, hasa mji wa Marseille, hupata likizo zao Julai na Agosti, basi ndoa kubwa za ada, ambazo humpa mwanamume cheo chake katika mji na humgharimu akiba ya miaka mingi, zimekusanyika katika miezi hiyo miwili. Ndiyo miezi ya ngoma, ya nyumba zilizojaa, ya dhahabu kifuani mwa mabibi harusi, na ya bei zilizopanda katika soko la Moroni. Atakaye kuwajua watu na aende wakati huo, kwa sharti ya kualikwa na mwenyeji.

Atakaye kuujua mlima, ushauri wangu ni mwingine. Kusi katika Julai huwa na nguvu, na baharini huleta mawimbi makubwa. Lakini mwezi wa Septemba na mwanzo wa Oktoba hupungua, ukaja upepo mpole ambao wenyeji huuita matulai, na njia ya kupandia kutoka Mvuni, juu ya mji wa Moroni, huwa kavu. Yafaa kuianza kabla ya jua kutoka, maana hata katika ukavu mawingu hupanda pamoja na joto la mchana, na aliyechelewa hufika ukingoni asilione shimo la Chahalé lililo katikati ya kaldera. Katika bahari ya Mwali miezi hiyo nyangumi wangali wapo, waliokuja tangu Julai kuzaa katika maji ya vuguvugu.

Na jioni, akisha kushuka, miguu imejaa vumbi jeusi la mlima, atakaribishwa katika nyumba ya kijijini, na kabla ya chakula mwenyeji atamletea kata ya maji amnawishe mikono. Maji hayo yalinyesha Machi, siku ambazo kilele hakikuonekana na hapakuwa na mgeni yeyote, yakahifadhiwa birikani miezi sita. Mwenyeji huyamimina polepole juu ya vidole, huku chini ya mikono ameweka beseni ili yasipotee.