Feng Tang na Macho ya Wafalme

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wachina, mabingwa wa semi fupi, wana msemo unaoitia shaka mithali hiyo: Feng Tang huzeeka upesi. Hutajwa pale mwenye kipaji anapopitwa na miaka pasipo kupewa kazi inayomstahili.

Feng Tang alikuwa mtumishi katika jumba la Mfalme Wen wa ukoo wa Han, aliyetawala tangu mwaka 180 hata 157 kabla ya Kristo. Habari zake zimehifadhiwa katika tarikhi ya Sima Qian. Siku moja mfalme alimwona, akastaajabu kukuta mzee wa umri ule katika daraja ndogo vile. Mazungumzo yakaangukia Lian Po na Li Mu, majemadari mashuhuri wa dola ya kale ya Zhao. Mfalme akatamani laiti angekuwa nao, asingewahofu Waxiongnu, wapanda farasi wa kaskazini. Feng Tang akajibu kwamba hata angewapata asingeweza kuwatumia.

Mfalme alikasirika akaondoka. Lakini Waxiongnu walikuwa wameingia nchini kwa jeshi kubwa mwaka 166, na hofu ikamshinda kiburi. Akamwita mzee na kumtaka maelezo. Feng Tang akamtajia Wei Shang, liwali wa Yunzhong, aliyewalisha askari wake kwa mali yake mwenyewe hata maadui wakauepuka mpaka wake. Liwali huyo alivuliwa cheo na kuadhibiwa, kwa kuwa hesabu yake ya maadui waliouawa ilipungukiwa na vichwa sita. Thawabu zilikuwa hafifu, adhabu nzito. Jemadari gani angestawi hapo?

Mfalme alifurahi. Siku ile ile akamtuma Feng Tang kwenda kumfungua Wei Shang na kumrudisha kazini, naye mzee akapewa uongozi wa askari wa magari ya vita. Chini ya Mfalme Jing alifanywa waziri katika milki ya Chu, kisha akaondolewa. Mfalme Wu alipotawala mwaka 141, akatafuta watu wenye hekima, jina la Feng Tang likatajwa tena. Alikuwa amepita miaka 90, hakuweza kazi. Cheo akapewa mwanawe, Feng Sui.

Msemo huo wamshitaki mzee kwa uzee wake, na hapo wamdhulumu. Miaka yake haikwenda mbio kuliko ya wengine. Kilichokawia ni jicho la jumba la kifalme. Jawabu lake juu ya majemadari lilimhusu yeye pia, kwa maana mfalme aliyetamani wafu wa Zhao alikuwa na mtu hai mlangoni pake. Tena, Feng Tang alipopata sikio la mfalme hakujiombea cheo, bali alimwombea mfungwa. Naam, chema chajiuza, lakini sharti sokoni awepo mnunuzi mwenye macho, naye afike kabla soko halijafungwa.