Kondoo mwenye mimba akianguka: kalsiamu imeenda wapi?

Jana alikula vizuri, zimebaki wiki tatu azae. Leo asubuhi anatembea kama mulevi, misuli inatetemeka, kisha analala na kushindwa kusimama. Wafugaji wengi wanasema ni sumu ao ulozi. Mara nyingi ni kalsiamu iliyoshuka ndani ya damu.

Karibu kalsiamu yote ya mwili, 99 kwa 100, iko ndani ya mifupa. Lakini ile kidogo ya damu ndiyo inasaidia misuli na moyo kufanya kazi. Tezi ndogo za shingoni zinaipima kila wakati. Ikishuka, zinatoa homoni ya paratiroidi. Homoni hiyo inatoa kalsiamu kwenye mifupa, inazuia figo zisiipoteze katika mukojo, tena inaamsha vitamini D ili matumbo yavute zaidi kutoka kwa chakula. Ikizidi, homoni ingine, kalsitonini, inaishusha.

Mimba ya kondoo inachukua karibu siku 147. Mifupa ya mutoto inakomaa sana sana katika wiki 6 za mwisho. Hapo kondo la nyuma linasukuma kalsiamu upande wake, mupaka damu ya mutoto inakuwa nayo kupita ya mama. Utafiti wa mwaka 1988 ulionesha kwamba tezi za mutoto na kondo lenyewe vina protini inayofanana na homoni ya paratiroidi. Ndiyo inasaidia kusukuma. Kisha kuzaliwa, njia hiyo inakatika. Kalsiamu ya mutoto inashuka kidogo, ndipo tezi zake zinashika kazi, na maziwa yanaleta ingine.

Homoni za mama zinahitaji muda. Kwa hiyo njaa ya ghafula, kubadilisha chakula mara moja, ao safari ndefu ya miguu, kama vile watu wanapokimbia vita na mifugo yao, vinaweza kumwangusha. Majani ya setaria nayo yana oksalati inayofunga kalsiamu tumboni.

Ufanye nini? Ita munganga wa mifugo upesi. Sindano ya kalsiamu inaweza kumuinua kwa muda mufupi. Asipoinuka, pengine ni ugonjwa wa mimba unaoletwa na kukosa nguvu ya chakula, na dawa yake ni tofauti. Usimunyweshe kitu kwa nguvu akiwa amelala: kinaweza kuingia mapafuni.

Mwezi wa mwisho, asilale njaa, asitembezwe mbali, na achanganyiwe majani ya jamii ya maharagwe. Ukimupoteza yeye, umepoteza na yule wa tumboni.