Boriti na Mchwa wa Mbao Kavu

Aingiaye katika nyumba kongwe ya mawe, iwe ya Lamu au ya Unguja, akainua uso kutazama dari, huona boriti zimepangwa sambamba, na hizo ndizo zilizoamua wembamba wa chumba alichosimama. Kwani mti wa mkoko aghalabu ulitoa boriti ya mita 2.5 hadi 3, na fundi hakuthubutu kuvuka kadiri hiyo. Wazee waliutaka mti huo kwa unyofu wake, na zaidi kwa ule ukali wa utomvu wake mwekundu, ambao mchwa hauhimili kwa wepesi. Sifa hiyo ilivuka bahari: majahazi yaliyoshuka na kaskazi yalirejea na kusi yakiwa yamesheheni boriti za kujengea Oman na Kuwait, ambako miti ni adimu, na mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alishuhudia jahazi la Kuwait likipakia shehena hiyo katika delta ya Rufiji.

Mchwa wa ardhini hujifichua kwa vijia vya udongo ukutani. Huyu wa mbao kavu hahitaji udongo, na unyevu haba uliomo mtini humtosha. Kumbikumbi wawili, dume na jike, huangusha mbawa, wakapenya katika ufa wa mlango au kiungo cha kitanda, wakaziba nyuma yao, wakaanzisha ukoo utakaokua polepole kwa miaka. Dalili yake ni chembe kavu zenye pande sita, ndogo kuliko punje ya ufuta, zilizorundikana chini ya kasha. Ukizifagia leo, kesho zimerudi.

Na kwa kuwa ukoo mzima huenea katika kipande kimoja cha mti, husafiri kila mti usafiripo. Jamaa yake mmoja, mwenye asili ya majangwa ya pwani za Peru na Chile, wataalamu walimwandika kwanza mwaka 1853 kwa kielelezo cha Jamaica, mbali na kwao; naye ameenea katika bandari nyingi zaidi kwa njia ya fanicha na mbao za wasafiri kuliko kwa mbawa zake dhaifu.

Basi arithiye nyumba ya boriti, akaiondoa iliyovunjika na kutia ubao laini usiotiwa dawa, huufungua mlango ambao wajenzi waliufunga kwa hekima. Na apewaye kitanda cha kale, kabla hajakivusha kizingiti, akigonge kwa kifundo cha kidole, asikilize kama mti ungali mzima ndani.