Madini ya Shinkolobwe yaliyoishia chini ya daraja la New York

Kila Agosti 6, dunia inapoikumbuka Hiroshima, ni nadra kusikia Likasi, mji wetu wa Kongo, ikitajwa. Ilhali sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi wa bomu lile la atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, kilomita 20 hivi kutoka hapa mjini, enzi zile tukiitwa Jadotville.

Mwingereza Robert Rich Sharp aliyagundua madini hayo mwaka 1915. Kampuni ya Union Minière ilitaka radiamu, iliyoanza kusafishwa Olen, Ubelgiji, mwaka 1922. Radiamu enzi hizo ilipakwa kwenye saa zing'ae gizani, hata kwenye krimu za uso. Uraniamu, iliyohesabiwa kuwa makapi tu, ilitumika kutia rangi sahani na vioo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alikuwa amekwishaonywa na wanasayansi kwamba uraniamu ingeweza kutengenezewa bomu. Mwaka 1940 alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yetu kupitia bandari ya Lobito hadi Staten Island, New York. Mapipa ya chuma yakakaa ghalani karibu na daraja la Bayonne, na Wamarekani hawakuyajali. Septemba 18, 1942, Kanali Kenneth Nichols, wa mradi wa bomu, alimfuata Sengier ofisini. Sengier alitaka kwanza kujua: umekuja kuongea tu, au kufanya biashara? Haikupita saa moja, kanali akatoka na makubaliano yameandikwa kwenye karatasi ya njano. Mawe yale yalikuwa na takriban asilimia 65 ya oksidi ya uraniamu. Yale ya Colorado hayakufikia hata asilimia moja.

Mwaka 1980 wapimaji wa serikali ya Marekani walikuta mnunurisho kwenye udongo wa Staten Island, pale yalipokuwa mapipa. Huko St. Louis, mabaki ya kiwanda kilichosafisha uraniamu yalitupwa mwaka 1973 kwenye jalala la West Lake, na wakazi wanaoishi jirani bado wanadai yaondolewe.

Huku kwetu mgodi ulizibwa karibu na uhuru, kisha wachimbaji wadogo wakaufukua wakitafuta kobalti. Januari 2004 Rais Joseph Kabila aliufunga kwa amri. Julai mwaka huohuo ukaporomoka na kuua watu wanane, ndipo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaja kupima. Haitoshi. Waliochambua mawe yale kwa mikono walikuwa baba na babu zetu. Serikali na warithi wa Union Minière wanadaiwa orodha ya majina yao, na vipimo vya afya kwa familia zinazoishi kandokando ya Shinkolobwe.