Knowing (filamu)

Knowing ni filamu ya Marekani ya bunilizi ya kisayansi na maafa, iliyoongozwa na Alex Proyas na kutolewa mwaka 2009, ambamo Nicolas Cage aliigiza nafsi ya John Koestler, mgane na profesa wa elimu ya nyota katika chuo cha MIT. Mwaka 1959 binti mmoja wa shule, Lucinda, badala ya kuchora picha ya zama zijazo kama wenziwe, alijaza karatasi yake tarakimu tupu. Nayo, baada ya kuzikwa ardhini katika kasha la kumbukumbu miaka 50, ilimfikia Caleb, mwana wa Koestler, na babaye akang’amua kwamba tarakimu hizo zilikuwa tarehe za misiba, idadi ya waliohiliki, na mahali ilipotukia.

Sehemu iliyo bora ni ajali ya ndege, ambayo kamera yaifuata kana kwamba haikukatizwa hata mara moja, hata mtazamaji akashikwa na fadhaa ya kweli. Ila hatima ya filamu yavunja moyo: mlipuko wa jua waunguza dunia nzima, na wageni wa sayari nyingine, ambao awali walinong’ona tu, wawachukua Caleb na Abby, mjukuu wa Lucinda, hadi ulimwengu mpya. Mhakiki Roger Ebert aliisifu mno filamu hii. Lakini suala lililoibeba tangu mwanzo, kama mambo huenda kwa kudura au kwa sadfa, laachwa bila ya jawabu, na juhudi zote za Koestler hazimwokoi mtu.